Mwanza hadi Mbeya bila kupitia nyumbani

Pasua, Moshi
Jumapili jioni

Mwanangu Deo,

Salamu sikupi, maana tumetoka kula pamoja sasa hivi na kikohozi chako nakisikia chumba cha pili. Habari za begi, chandarua na dawa za malaria za safari yako ya kesho mama yako amezimaliza. Habari za pombe na wasichana alianza padre, akamalizia shangazi yako. Mimi nimeachiwa hesabu, na hesabu yenyewe nimeiharibu leo mchana mbele ya watu wote. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukuita sebuleni. Nikikuita tutabishana, na kwenye ubishi mimi hushinda hata pale ambapo haki si yangu.

Unakumbuka ilivyokuwa. Tumetoka kanisani, mama yako anapakua machalari, huku anasoma barua ya dada yako Felista kwa sauti. Mtoto wake atabatizwa Pasaka huko Mbeya, na anataka wewe, mjomba wa mtoto, uwe baba wa ubatizo. Wewe ukaendelea kutafuta nyama kwenye bakuli.

"Mbeya ni mbali mno, mama. Mwambie tutaonana nyumbani Desemba."

"Mtoto anabatizwa Pasaka, Deo. Hawezi kungoja Desemba akusubiri wewe."

"Basi watafute mtu wa hukohuko. Mimi nitakuwa Mwanza, kazini, mgeni. Mwanza na Mbeya wapi na wapi?"

Hapo ndipo mdomo wangu ulipoingia. Nikakwambia mbali si jibu, mbali ni ngapi? Ukaenda kuchukua atlasi ya mdogo wako na rula. Ukapima, ukapiga mara ile skeli iliyoandikwa chini, ukasema, "Mia saba, baba. Mbeya iko chini ya Mwanza moja kwa moja, kama ua la mgomba chini ya mkungu." Hukukosea. Kwa rula ni hivyo hasa. Lakini mimi nilicheka, nikakuuliza kama umeajiriwa kiwanda cha samaki au umeajiriwa kunguru, maana ni kunguru peke yake anayepita juu ya pori lile bila kutafuta daraja.

Nikachomoa uzi kwenye cherehani ya mama yako, nikaulaza juu ya barabara. Mwanza, Shinyanga, Nzega. Kutoka hapo unapinda kuja Singida, unashuka Manyoni, Dodoma, unaruka bwawa la Mtera kwenda Iringa, ndipo Mbeya. Uzi nikaupima kwa rula yako. Na kwa sababu barabara zile nimezipita na lori, nikakuongezea na kona zisizoonekana kwenye ramani. Elfu moja na mia tatu, kasoro kidogo. Nikaegemea kiti kama mtu aliyeshinda kesi.

Ukautazama ule uzi. "Asante, baba. Umenisaidia. Kumbe ni mbali kuliko nilivyodhani." Ukafunga atlasi, ukaomba mchuzi.

Mama yako alipokuwa anakusanya sahani akaniambia polepole, "Baba Felista, hesabu yako imemfungia mtoto mlango."

"Hesabu haina kosa," nikamwambia.

"Nimesema ina kosa?"

Tangu hapo sijakaa vizuri. Mimi ninayejisifu kwamba sijawahi kudanganywa na mizani, leo nimetumia namba sahihi kukuhalalishia jambo lisilo sahihi. Kwa hiyo barua hii ni ya kurudia ile hesabu. Uisome ndani ya basi. Njia ni ndefu, utakuwa na nafasi.

Nianze mlimani. Kule Kibosho nilikozaliwa, ng'ambo ya korongo walikaa wajomba zangu. Jogoo wao akiwika tunamsikia. Mjomba akigombana na mkewe tunajua nani ameshinda. Lakini ukitaka kwenda kwao kwa gari, unashuka mpaka lami, unatembea na lami kidogo, halafu unapanda tena mgongo wa pili. Ndivyo mlima wetu ulivyo: barabara zote zinapanda na kushuka, zinazokatiza ni za kuhesabu. Ilikuwepo njia ya miguu, inateremka ndani ya korongo, inavuka mto juu ya gogo, inapanda. Bibi yako aliipita na chupa ya maziwa mkononi. Magari yalipokuja tukaanza kuona ni ushamba kupita kwenye korongo. Gogo likaoza. Nadhani sasa hata watoto wa kule hawajui kwamba palikuwa na njia.

Nilikuwa mtu mzima kabla sijaona kwamba na ndugu zetu tunawapima hivyo hivyo. Huyu yuko Tanga, huyu Tabora, huyu Dar, na hakuna anayekwenda kwa mwenzake. Wote tunapanda Desemba, tunakutana pale juu, tunachinja, tunapiga picha, tunashuka. "Tutaonana nyumbani." Neno hilo ulilolisema leo nimelisema mimi miaka mingi, na nililisema kwa baba yako mdogo Aloisi.

Wewe Aloisi unamkumbuka kidogo. Ni yule aliyekuja kwenye komunyo yako ya kwanza na dumu la asali ya Tabora, ukala mpaka ukaumwa tumbo. Yeye ananifuata mimi kwa kuzaliwa. Kwetu tulikuwa wanaume wanne, na mila unaijua: kihamba cha juu, na migomba yake yote, alipewa mkubwa alipooa, na nyumba ya baba pamoja na kahawa inayoizunguka akaachiwa Prosper, wa mwisho. Sisi wawili wa katikati tulipewa baraka. Baba alitutemea mate ya baraka kifuani, akatuambia mlima ni mdogo na dunia ni kubwa. Siku ile sikufurahi, na sitakudanganya kwamba uchungu umekwisha. Kila nikipita pale nikaona migomba ile niliyoichimbia mashimo kwa mikono yangu, natazama upande mwingine.

Basi wa kati tukatoka pamoja. Mimi nikawa utingo, nikawa dereva, na ruhusa za biashara zilipofunguka nikanunua lori bovu nikalifufua. Hiki kiwanja cha Pasua nilikinunua watu wakiniuliza kama nataka kufuga ngedere. Aloisi alikwenda Tabora na mashine moja ya kusaga, akaoa huko, akabaki. Hakuna ndugu niliyeelewana naye kama yeye. Tulikuwa na donda moja. Kila Desemba tulipokutana kwa mama tulikaa kwenye benchi moja na kata moja ya pombe ya mbege, tunawasema wenye vihamba mpaka mama anatufukuza.

Halafu bibi yako akafa. Desemba iliyofuata tukapanda kama kawaida, na ile nyumba ilikuwa sasa ni ya Prosper kweli. Mke wake hakutukosea. Alitutandikia stoo, kati ya magunia ya kahawa na mapipa ya mbege, akasema karibuni sana shemeji zangu. Usiku Aloisi akaniambia gizani, "Kaka, sisi sasa ni wageni." Nikamjibu, "Wageni wanapewa kitanda." Tukacheka mpaka Prosper akagonga ukuta. Lakini mwaka wa pili sikupanda, na yeye nadhani alipanda mara moja akaacha. Pale palipokuwa njia panda yetu palikwisha, na kumbe kati ya Moshi na Tabora hatukuwahi kukata njia. Gogo letu lilikuwa mama.

Hapa sasa ndipo ujuzi wangu wa hesabu uliponiponza. Nilianza kuhesabu zamu. Yeye alikuja kwenye komunyo yako, kwa hiyo zamu ni yangu. Nikamwalika kwenye harusi ya Felista, nikasema akija hiyo nitakwenda kwake mara mbili. Hakuja. Nikaandika kichwani: zamu ni yake. Baadaye lori langu likapata mzigo wa Nzega. Nikashusha mapema, siku ikiwa nzima mbele yangu, na kutoka Nzega mpaka Tabora ni mwendo wa asubuhi moja, hata kwa barabara ile. Dereva niliyekuwa naye akaniuliza, "Mzee, si una mdogo wako hapo?" Nikamwambia geuza. Nilikuwa na haki, unaona? Zamu haikuwa yangu. Nikarudi Moshi na haki yangu pamoja na lori tupu. Baadaye sana ndipo nikasikia kwamba siku za harusi ile mke wa Aloisi alikuwa amelazwa, amefanyiwa upasuaji, na Aloisi hakutaka kutuharibia sherehe kwa kutuambia.

Sikuandikii haya unihurumie. Nakuandikia kwa sababu leo mezani nimemsikia yule mtu aliyegeuza lori Nzega akiongea kwa sauti yako.

Wala sikwambii umpende dada yako. Unampenda, na anayekataa akuulize kuhusu godoro. Uliporudishwa nyumbani kidato cha kwanza kule Sanya Juu kwa kukosa godoro, mimi nilikuwa njiani na lori, mama yako ana mtoto mchanga. Wewe ulirudi shule na gari la asubuhi na ahadi kwamba godoro litafuata. Felista akalifuatisha. Alifika Boma la Ng'ombe akakuta magari ya kupanda Sanya yamegoma, akajitwika godoro kichwani akaanza kutembea, mvua inampata anaingia kwenye vibanda vya watu, inakatika anaendelea. Amefika jioni, mlinzi wa geti anamuuliza, "Wewe ni mama yake?" Akamjibu, "Mimi ni dada yake, mama yake angekuja na gari." Wewe mwenyewe ndiye uliyetusimulia, ukiiga sauti yake. Sasa fikiri: asubuhi ile pale Boma la Ng'ombe angekuwepo baba mwerevu na uzi wa cherehani, akampimia kilomita za Sanya Juu kwa miguu na godoro kichwani, wewe ungelala wapi?

Haya, hesabu ya pili.

Ukitaka kuonana na Felista kwa kupitia nyumbani, yaani wewe utoke Mwanza uje Moshi, yeye atoke Mbeya azunguke Chalinze aje Moshi, mkijumlisha barabara zenu mbili mnapita elfu mbili. Basi lako la kesho lenyewe linapitia Nairobi, nchi ya watu, kwa sababu barabara yetu imejaa mashimo. Hiyo hata sijaiongeza. Elfu moja na mia tatu uliyoiogopa leo ni njia ya mkato. Hilo sikukwambia. Nilikupa jumla bila kukupa cha kulinganisha, na jumla isiyo na mwenzake humtisha mtu.

Nikaendelea, nikatafuta nusu. Nusu ya Mwanza na Mbeya inaangukia Bahi, kabla hujafika Dodoma. Pale napajua, nililala hapo tairi mbili zikiwa zimepasuka. Wana mpunga mzuri na mbu wakubwa. Kidogo nikuandikie kwamba mkubaliane, wewe uje nusu, Felista naye aje nusu, hakuna aliyeonewa. Nilikuwa nimeshaandika sentensi hiyo, nikaikata. Utaiona hapo juu pembeni nilipochafua karatasi. Mtoto habatizwi Bahi, mwanangu. Karibu kila jambo la maana halifanyiki katikati. Linafanyikia kwa mmoja, na mwingine anatembea njia nzima. Mimi nilidhani anayevuka nusu amedhulumiwa. Nimeishi na mawazo hayo, yamenipa lori na nyumba, na yameninyima ndugu.

Sasa usije ukafikiri mambo yote yameharibika. Yapo ambayo hukuyajua.

Mwezi wa kumi na moja, habari ilipokuja kwamba nimekuwa babu, nilitoka nje nikitaka kumwambia mtu, na mtu niliyemtaka alikuwa Tabora. Nikamwandikia. Sikuomba samahani kwa maneno mengi, huwa hayanitoki. Nilichuma jani la sale kwenye ule ua wa mama yako, nikalikunja ndani ya bahasha. Yeye ni Mchagga, anajua maana yake. Nawe unajua kwamba sale ni ombi la msamaha, na ukiletewa hukatai. Nikaandika tu kwamba tumekuwa wazee, tukutane Pasaka, na kwa kuwa Singida ndiyo katikati, tukutane Singida.

Wiki iliyopita dereva mmoja wa lori kaniletea jibu. Nakunakilia lilivyo:

"Kaka, shikamoo. Jani limefika limekauka, lakini bado ni sale. Ila hesabu zako zimezeeka. Singida si katikati. Ni karibu na kwangu kuliko kwako. Nimeuliza madereva. Katikati halisi ni porini huko kabla hujafika Singida, na huko hakuna hata kibanda cha chai. Unataka siku nyingine useme Aloisi alitembea kidogo? Nakuja. Na huko Mbeya anakokaa Felista kukoje? Sijawahi kufika. Nasikia kuna baridi kama kwetu."

Nilicheka peke yangu sebuleni, mama yako akaja kuona kuna nini. Nikamjibu Aloisi kwamba najua ni kilomita ngapi upande wangu na ngapi upande wake, nilijua tangu mwanzo. Kile kipande kilichozidi ni changu. Mimi ndiye mkubwa.

Najua leo ungeniuliza, kama nilikuwa nimeshaandika barua hiyo, kwa nini mezani nikatoa uzi? Nimejiuliza. Mkono uliozoea kupima hupima. Utakuja kuona kwako pia. Wewe ni fundi wa mitambo ya barafu, una namba zako, na siku moja zitakuponza kwa namna yake.

Kwa hiyo mpango ndio huu. Mama yako na shangazi wanapitia Dar, wao hawataki vumbi. Mimi ninapitia Singida. Wewe ukifika kazini, fanya kazi kwanza watu wakuone, halafu omba ruhusa mapema, na usiombe kama mtu aliyekwisha kukataliwa. Sema ni ubatizo na wewe ndiye baba wa ubatizo. Wasukuma ni watu wa ukoo, bosi wako ataelewa. Uondoke na siku za akiba, kwa sababu kilomita nilizokuhesabia ni za kiangazi. Masika mbuga ya Wembere hujaa maji na mlima Sekenke huteleza, na mtu anaweza kukaa pale akiutazama mlima mmoja tangu asubuhi. Usikate tamaa hapo. Ukishapanda Sekenke, Singida umefika.

Wakikukatalia ruhusa, nitaelewa, na nitamweleza Felista mwenyewe. Lakini nisiende kumwambia kwamba ni mbali. Amejua ni mbali tangu alipoolewa huko.

Pale Singida mabasi yote husimama ili watu wapate chakula. Kuna hoteli za kuku upande wa stendi. Ukiona wazee wawili wamekaa na sahani moja ya kuku, wanabishana nani ametembea zaidi, shuka. Mfupi ni baba yako mdogo, umwamkie vizuri, na dumu lililo chini ya meza usiliguse. Safari hii asali ni ya mjukuu. Halafu rudi ndani ya basi upesi kabla hawajapanda wa njiani, utushikie viti viwili.

Mimi baba yako,
niliyekucheka leo mchana na sasa nimeacha